Siri Baina Yangu na Wewe

Sentensi tuliyoikariri kuliko zote chuoni ilikuwa hii: "Haya tutakayozungumza ni siri baina yangu na wewe, hayatatoka nje ya chumba hiki." Mhadhiri alituambia kwamba mteja asipoisikia mwanzoni kabisa hatafunguka, na asipofunguka hakuna ushauri nasaha hapo, kuna kupiga soga tu. Tukaikariri. Tuliisema bwenini tukifua, tuliisema kwa utani tukiombana sukari. Kufikia siku ya kwenda fildi, kwenye mafunzo kwa vitendo, ningeweza kuisema nikiwa usingizini, na kwa sauti ile ile ya upole tuliyofundishwa.

Nilipangiwa wodi ya watoto, katika hospitali moja hapa Dodoma. Nilikuwa nimeomba shule. Nilijijua: machozi yangu yako karibu, na hasira zangu ziko karibu zaidi. Lakini majina yalishabandikwa ukutani na hakuwepo wa kumlalamikia. Nikaripoti nikiwa na koti jeupe linalonipwaya, na kabla ya mchana kuingia nilikuwa nimeitwa nesi, nimeitwa daktari, na bibi mmoja alikuwa amenikabidhi sahani akiamini mimi ndiye wa chakula.

Chumba cha ushauri kilikuwa stoo. Upande mmoja meza na viti vya plastiki, upande wa pili ndoo, mafagio na magodoro yaliyochanika. Kitasa kilikuwa kibovu, hivyo mlango tuliufunga kwa kuuegemezea ndoo. Unamwambia mtu kwamba maneno yake hayatatoka humu, na papo hapo dada wa usafi anasukuma mlango: "Samahanini jamani, naomba dekio langu." Msimamizi wangu, mama wa makamo wa ustawi wa jamii tuliyekuwa tukimwita Madam, aliniambia nizoee. Yeye alishazoea mengi. Alikuwa na huruma, ila alikuwa ameifunga vizuri, akiitoa kidogo kidogo ili imfikishe jioni.

Mama ninayemkumbuka alitoka kijiji kimoja cha ndani huko, mbele ya Chamwino. Alikuwa na binti wa miaka sita mwenye uvimbe tumboni. Mumewe ndiye aliyewaleta. Alikaa nao mpaka mtoto akapata kitanda, kisha akaenda Makutupora kuvuna zabibu, maana msimu ulikuwa umefika na mvunaji asipoonekana shambani nafasi yake inachukuliwa na mwingine. Mimi sikumkuta. Nilimjua kwa habari zake tu, na habari zake zilitoka kwa binti.

Binti huyo alikuwa na mapengo mbele na mdomo usiopumzika. Alikuwa ameanza darasa la awali, kwa hiyo Kiswahili alikimudu kuliko mama yake. Kiswahili cha mama kilikuwa cha gulioni na kanisani: kusalimia, kuuliza bei ya chumvi, kuitikia sala. Mimi ni Mrangi wa Kondoa, na Kigogo changu kinaishia kwenye salamu ya "mbukwa", tena nayo binti aliniambia naitamka vibaya. Basi tulipoongea na mama, binti alikaa katikati akatafsiri.

"Mama anasema tumbo lilianza wakati wa palizi."

"Mama anasema dawa ya jana ilimtapisha. Yaani mimi. Ilinitapisha mimi."

"Mama anasema nipewe soda."

Mama hakuwa amesema lolote. Alipoona nacheka naye akacheka, bila kujua ametajwa kwa lipi. Hivyo ndivyo tulivyoishi siku za mwanzo, na nakiri nilianza kufikiri kwamba kazi hii ninaiweza.

Kila asubuhi nilipoingia wodini, kabla sijasema shikamoo kwa mama yake, binti alinyanyua kichwa: "Baba amefika?" Baba yake, alinieleza, anabeba kreti mbili kichwani kwa mpigo. Baba yake hamwogopi nyoka. Baba akija, yeye ataniita nije nisimame hapa, karibu na kitanda, ili baba anione. Nikamwambia nitavaa vizuri siku hiyo.

Kisha majibu ya kipimo yakarudi. Daktari, kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, alituita mimi na Madam pembeni. Ugonjwa ulikuwa umesambaa. Hapakuwa na la kufanya isipokuwa kumpunguzia mtoto maumivu, na siku zake zilikuwa chache. Mama alitakiwa kuambiwa, na baada ya kuambiwa mtu akae naye. Mtu huyo nilikuwa mimi.

"Nani atatafsiri?" daktari akauliza.

Tukatazamana. Mtafsiri wetu alikuwa kitandani, anampaka ng'ombe wa kwenye karatasi rangi ya bluu. Nesi pekee Mgogo wa wodi ile alikuwa likizo ya uzazi. Daktari akasema si yupo dada wa usafi, yule anaongea Kigogo kwao. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema, kwa ujasiri wote wa mtu aliyefaulu somo hilo, kwamba habari ya mgonjwa haiwezi kupitia kwa mtu wa usafi, ni suala la usiri. Madam akatikisa kichwa kukubali. Daktari akainua mabega. Tukaingia stoo na mama, nikaegemeza ndoo mlangoni.

Daktari alitumia maneno machache na mepesi, namshukuru kwa hilo. Mama alielewa. Alielewa kabla daktari hajamaliza, nadhani alielewa alipoona wote tumekaa. Alilia kanga ikiwa mdomoni kwa sababu ukuta ulikuwa mwembamba na binti yake alikuwa upande wa pili. Daktari akatoka, Madam akaitwa wodi nyingine, tukabaki wawili. Nikasogeza kiti. Nikasema sentensi yangu, polepole, kwa sauti ile ya upole.

"Siri," mama akarudia.

"Ndiyo mama, siri."

"Mimi na wewe."

"Mimi na wewe. Na daktari."

Akafikiri. "Hata ndugu?"

"Hata ndugu."

Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Hata baba yake?"

Moyo ulinipasuka kwa huruma. Tulikuwa tumefundishwa juu ya wanawake wanaowaogopa waume zao, wanawake wanaolaumiwa mtoto akiugua, wanaopigwa kwa habari mbaya kana kwamba wao ndio walioitengeneza. Nikajiambia, kumbe na huyu ni mmoja wao. Nikamshika mkono.

"Hata baba yake, mama. Usiwe na wasiwasi kabisa."

Alinitazama. Sikuweza kuusoma ule uso, na siku ile niliamini nimeusoma. Akasema, "Haya."

Jioni ile nilirudi bwenini nikiwa nimechoka lakini nimeridhika. Niliwaambia wenzangu kwamba leo mteja amefunguka.

Baba alikuwa akipiga simu kila jioni. Mama alikuwa na kitochi, simu ndogo ya vitufe, kilichofungwa kwa raba ili betri isidondoke, na kikilia alitoka nacho kwenye korido. Nilimsikia akiongea Kigogo, sauti yake ikiwa imechangamka, mara nyingine akicheka kidogo. Kisha alirudi kumpa binti simu. Binti aliuliza kitu kile kile kila mara, kwa Kiswahili nikiwepo, ili nisikie anavyomkaripia baba yake: "Unakuja lini?" Alisikiliza, akanuna, akarudisha simu.

Nikimuuliza mama, "Umeongea na baba yake?" alijibu ameongea. "Anasemaje?" Alisema atakuja Jumapili, kazi ikipungua.

Jumapili! Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Mtoto anakwisha mbele yetu, na mwanaume mzima anasubiri kazi ipungue. Manesi nao hawakuhitaji kuchokozwa. "Wanaume bwana," alisema mmoja akipima dripu, "kuzaa wanajua." Nilimchukia mtu yule ambaye sikuwahi kumwona. Nilimchukia kwa raha, kama unavyojikuna mahali panapowasha. Ilinisaidia. Uvimbe huwezi kuukasirikia, haukusikii.

Nilimwendea Madam nikamwomba nimpigie mimi mwenyewe, nimwambie aache hizo zabibu zioze. Madam alinitazama juu ya miwani.

"Mama amekuomba umpigie?"

"Hapana."

"Basi. Habari ni ya mama, anayeamua nani aambiwe ni mama. Ukimpigia umevunja maadili kabla hujapata hata cheti."

Alikuwa sahihi. Kila mtu alikuwa sahihi wiki ile.

Binti akawa anazungumza kidogo zaidi kila siku. Rangi alizichoka, na baba yake alipopiga jioni hakuwa tena na nguvu ya kushika simu. Soda niliyomletea kwa kificho alinusa tu akageuza uso. Tumbo lilikuwa juu na miguu imekuwa myembamba, na mama alimgeuza upande huu na ule, akimwimbia wimbo mfupi ambao maneno yake sikuyajua. Nilikaa nao. Kukaa tu, hilo halikuwa kwenye masomo yangu, ila ndilo lililobaki. Asubuhi moja nilipoingia hakunyanyua kichwa. Nilidhani amelala. Nikainama karibu na uso wake.

"Baba amefika?" akauliza, macho yamefumbwa.

"Anakuja."

"Mwambie akimbie."

Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya jengo pale upepo unapokusanya vumbi na mifuko ya nailoni, nikalia kwa kwikwi. Kisha nikanawa uso kwenye bomba la watu wa kufua, nikarudi ndani.

Alifariki Jumamosi, alfajiri. Mimi niliambiwa getini na mlinzi, ambaye alidhani nimeshajua. Nilipofika wodini godoro lilikuwa limeshafunuliwa shuka, na mama alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, mikono mapajani, ametulia mno. Nikapiga magoti mbele yake. Nilikuwa na maneno mengi ya kitaalamu na yote yalinikimbia, nikasema pole mama, pole sana mama, kama ambavyo mtu yeyote angesema. Akanipapasa bega. Yeye ndiye aliyenipapasa mimi.

Nesi wa zamu alikuwa amechukua simu yake akampigia mume, akamwambia tu aje hospitali mara moja. Hapo ndipo nilipojua Makutupora ni karibu kiasi gani. Jua lilikuwa halijaanza hata kuchoma, bodaboda ikasimama nje, mtu akashuka akikimbia.

Nilikuwa nimemwandalia jicho. Nilikuwa nimemwandalia hata maneno, yale ya kumwambia mtu kwa adabu ili yamuume zaidi. Aliyeingia alikuwa mwanaume mwembamba, suruali imekunjwa hadi magotini, mikono imekuwa myeusi kwa maji ya zabibu yaliyokaukia hadi kwenye kucha. Alivua kofia alipotuona.

"Habari za kazi," alitusalimia mimi na nesi. "Mtusamehe kwa uchafu huu, nimetokea shambani." Akachungulia wodini, kwenye kitanda kilichobaki na godoro tupu. "Wamemhamishia wapi?"

Hakuwa na hofu. Aliuliza kama mtu anayeuliza ofisi ya daktari iko upande gani. Nesi akamshika mkono, akamkalisha kwenye benchi karibu na mkewe, akamwambia.

Baba akamgeukia mkewe akasema kitu kwa Kigogo. Akasema tena, kwa sauti ya juu. Mkewe akabana midomo, akatazama mbele. Basi akatugeukia sisi, akasema kwa Kiswahili, kama anayetuomba tumsaidie kumwelewa huyu mwanamke.

"Jana ameniambia hajambo. Juzi ameniambia anakula. Kila siku hajambo, hajambo. Ananiambia njoo, nikimuuliza kuna nini, anasema hakuna. Sasa imekuwaje?"

Mama aliinua uso. Hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Mwanangu," akasema, kwa Kiswahili chake cha taratibu, "ile siri. Sasa naweza kumwambia?"

Nakumbuka nesi akiuliza, "Siri gani?" Kimawazo nilirudi kwenye stoo, nikayasikia maswali yake upya, moja baada ya jingine, na safari hii niliyasikia kama alivyoyauliza. Hata ndugu? Hata baba yake? Hakuwa akiomba nimfiche mumewe habari ile. Alikuwa akiniuliza kama kweli yeye anakatazwa kumwambia hata baba wa mtoto wake. Na mimi, mtu wa hospitali mwenye koti jeupe, nikamshika mkono nikamwambia hata baba yake. Akasema haya. Akatunza.

Nimeifikiria sentensi ile kwa miaka sasa, na bado inanipandisha hasira. Siri baina yangu na wewe. Kwa Kiswahili chochote cha watu wanaoishi, maneno hayo yanawafunga wawili. Ukimwambia rafiki yako hii ni siri yangu na wewe, unamkataza kusema. Mtoto mdogo anajua hivyo. Tuliosoma tulisikia ahadi ya mtaalamu kwa mteja, kwa sababu tulishajua maana yake kabla ya kuisikia. Mama yule aliyasikia maneno yenyewe, akayaelewa sawasawa kabisa, na akayatii kuliko mimi nilivyowahi kutii chochote. Siku hizi mtu akikaa mbele yangu namwambia hivi: mimi sitamwambia mtu, ila wewe mambo ni yako, mwambie yeyote unayemtaka, ukitaka toka sasa hivi ukampigie. Wenzangu wananitania kwamba naongea kama karani wa bima. Waache wacheke. Maneno hayo mapya hayanipunguzii hata chembe ya uchungu wa asubuhi ile.

Nilipiga magoti tena, safari hii mbele yao wote wawili. Nilimwambia mama kwamba anaweza kusema, kwamba siku zote angeweza kusema, kwamba kosa halikuwa lake. Kisha nikamweleza baba. Nilieleza kwa maneno mepesi niliyoyapata: daktari alisema nini, mimi nilisema nini, mkewe alielewa nini. Nilimwambia mkewe hakumdanganya kwa hiari yake. Nilisubiri anitukane. Nilitamani anitukane, ningekuwa na mahali pa kujishika.

Hakunitukana. Alisikiliza hadi mwisho, akiigeuza kofia mikononi, huku na huku. Aliitazama mikono yake kama ambaye ndiyo kwanza anaona ina uchafu. Nje waliwasha redio ya mahubiri, mtu akaizima. Nesi alikuwa ameondoka, nafikiri alikwenda kulia.

Akamgeukia mkewe. Sijui kwa nini aliuliza kwa Kiswahili. Labda alikuwa ameshasahau anaongea lugha gani.

"Hata mwishoni alikuwa ananiulizia?"

Mama akafungua mdomo amjibu. Kisha akasita, akageuka kunitazama mimi kwanza.